Kamera Rahisi: Inayopiga Tu, au Inayokataa?

HOJA ILIYO MEZANI: Kamera rahisi ya filamu ni ile isiyomuuliza mtumiaji swali lolote.

Tuseme mwalimu wa sekondari mjini Mombasa anataka kuanzisha chama cha picha. Simu haziruhusiwi shuleni, na kamera kubwa za kubadilisha lenzi ni ghali, nzito, na zimejaa vitufe vya kumtisha mgeni. Anachotafuta ni kamera ndogo ya filamu, ya kutia mfukoni, itakayopita mikononi mwa wanafunzi, mpishi wa shule, hata mlinzi wa lango akitaka kujaribu. Fedha zilizopo zinatosha kamera moja. Anunue ipi?

Miaka thelathini iliyopita angeingia dukani akachukua iliyokuwapo. Leo karibu kamera zote za aina hiyo ni za mtumba, nyingi zina umri mkubwa kuliko wa wanafunzi wenyewe, na kila moja ina watetezi wasiokubali kushindwa. Tumewaketisha wanne: Mwalimu mwenye haja yake, Mpwa, msichana wa chuo kikuu anayepiga filamu kwa mapenzi, Shangazi yake, mtunza albamu za ukoo, na Fundi, mzee aliyemaliza ujana wake akifungua na kufunga kamera za watu.

Duru ya kwanza: Kitufe kimoja

MPWA: Naiunga mkono hoja bila kusita. Mwalimu, umesema unataka kamera ya mtu yeyote. Huyo yeyote hajui tundu la lenzi ni nini wala kasi ya shata, na hana haja ya kujua. Kazi hiyo wahandisi walishaimaliza. Mwaka 1977 Konica walitoa C35 AF, kamera ya kwanza kuuzwa kwa wingi iliyojitafutia fokasi yenyewe. Miaka miwili baadaye Canon wakaja na AF35M, iliyopima umbali kwa miale ya infraredi. Ilipofika 1997, Olympus wakatoa mju II. Unasukuma kifuniko, inaamka. Unabonyeza, inapima mwanga, inapima umbali, ikiona giza inawasha flashi, halafu inasogeza filamu. Filamu ikiisha, inaizungusha yenyewe kurudi ndani ya kopo lake. Mpe bibi yangu, atapiga.

FUNDI: Atapiga, mwanangu, mpaka siku itakapogoma. Mota ikichoka au saketi ikikatika, mimi nitakachokuwa nacho ni pole. Kiwanda hakitengenezi tena kipuri chake. Kipuri pekee kitatoka kwenye kamera nyingine iliyokufa, na mara nyingi hiyo nayo imekufa kwa ugonjwa huohuo. Kamera ya springi na gia naifungua, naisafisha, naitia mafuta tone moja, inaendelea.

MPWA: Sikatai, Mzee. Lakini tusiwatishe watu. Kamera hizo zipo nyingi na nyingi bado zinafanya kazi. Kilichoziharibia sifa ni fasheni. Mwaka 2017 mwanamitindo Kendall Jenner alionekana na Contax T2 kwenye kipindi cha televisheni cha Jimmy Fallon, na bei ya kamera hiyo, ambayo tayari ilikuwa ya kifahari, ikazidi kupaa. Ikavuta na nyingine nyuma yake, hata mju II iliyokuwa kamera ya plastiki ya familia. Dawa ni kutonunua jina. Zipo Canon Sure Shot, Pentax Espio, Minolta na Nikon za miaka ya 1980 na 1990 zinazofanya kazi ileile kwa sehemu ndogo ya bei. Nina sharti moja tu: chagua yenye lenzi isiyovutika. Zile za zoom ndefu, ukiivuta lenzi mpaka mwisho, tundu lake hubaki dogo sana, mwanga hautoshi, na picha inatikisika.

SHANGAZI: Mimi niliwahi kuwa na kamera ya namna hiyo, mwanangu, ya kila kitu yenyewe. Siku ya Idi tukajipanga uani, wakubwa nyuma, watoto mbele. Nikapiga. Wakaja majirani, nikapiga. Ilikuwa inalia mota vizuri kabisa. Studio walipofungua, filamu ilikuwa tupu. Ncha yake haikushika kwenye gurudumu siku nilipoiweka, basi mota ilikuwa inazungusha hewa.

MPWA: Lakini Shangazi, filamu isiposhika nyingi ya kamera hizo huonyesha herufi E kwenye kidirisha. Inawakawaka.

SHANGAZI: Niliiona hiyo E. Nilidhani ndivyo ilivyo.

Duru ya pili: Ya bei ya chini

SHANGAZI: Kwa hiyo nasema tusijisumbue. Siku hizi zipo kamera mpya za plastiki, bei yake ndogo, hazina mota wala kidirisha. Ikianguka kisimani, tunanunua nyingine. Mwalimu ana watoto wengi, na mikono ya watoto ni mikono ya watoto.

MPWA: Mfano mzuri ni Kodak Ektar H35, iliyotoka mwaka 2022. Inagawa kila fremu ya kawaida mara mbili, kwa hiyo filamu ya picha 36 inakupa 72. Haina fokasi ya kurekebisha. Betri yake ni moja ya AAA, ya flashi tu. Bila betri bado inapiga.

FUNDI: Hapo kwenye 'bado inapiga' ndipo pana kasoro. Tundu la lenzi yake halibadiliki, f/9.5. Shata yake haibadiliki, sehemu moja ya mia ya sekunde. Sasa hesabuni. Weka filamu ya ISO 200. Jua kali la saa sita linataka f/16 kwa 1/200. Kamera hiyo inaingiza mwanga mara tano au sita ya unaotakiwa. Si neno, filamu ya rangi ya negativu huvumilia mwanga wa ziada. Ingia kivulini chini ya mwembe, mambo yanakaribia kuwa sawa. Ingia darasani sasa, madirisha wazi, flashi umeisahau. Mwanga hautoshi hata kidogo, na filamu haivumilii upungufu kama inavyovumilia ziada. Kamera itasema nini?

MPWA: Haitasema kitu. Itapiga.

FUNDI: Itapiga, mtoto atafurahi, na utakachopata ni negativu nyeupe kama kioo. Kamera za kutupa, zile zilizoenea tangu Fujifilm walipotoa ya kwao mwaka 1986, ni hivyohivyo, ila angalau huja na filamu ya kasi kubwa na flashi ndani, na mtumiaji hana nafasi ya kukosea kuweka filamu. Kwa shughuli ya siku moja ni nzuri. Kwa chama cha shule kitakachodumu, kila picha 27 unanunua kamera nyingine.

MPWA: Mzee, lakini historia inapingana nawe. Kodak walipotoa Brownie mwaka 1900, waliiuza dola moja ili hata watoto wamudu. Ilikuwa kasha lenye lenzi ya kawaida kabisa, haina kipima mwanga, haimwonyi mtu. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, alianza na Box Brownie ya mtumba akiwa mwanafunzi. Huyo ndiye aliyekuja kuionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Kamera bubu ilimfundisha vizuri tu.

MWALIMU: Ilimfundisha kwa sababu hakuchoka. Mtu mwenye kiu ya namna ile ungempa hata kopo lenye tundu la sindano angetoka na picha. Mimi simchagulii huyo. Namchagulia mtoto ambaye filamu ya kwanza ikitoka tupu hatarudi Ijumaa ijayo. Anayejifunza kwa kuharibu lazima awe na vya kuharibu, na mimi sina.

Duru ya tatu: Kosa hutokea wapi?

MWALIMU: Naomba tugeuze swali. Mpaka sasa tunashindana ni kamera ipi ina vitu vichache vya kubonyeza. Lakini kubonyeza hakujawahi kumshinda mtu. Fundi, umepokea filamu zilizoharibika miaka mingi. Ziliharibikaje?

FUNDI: Kwa njia chache, na hazibadiliki. Ya kwanza ni ya bibi hapa: filamu haikushika. Ya pili ni giza: mtu amepiga ndani ya nyumba au magharibi, mwanga hautoshi. Ya tatu ni umbali: amesogea mno, uso hauna ukali. Ya nne ni mtu kufungua mgongo wa kamera kabla filamu haijarudishwa ndani. Hizo ndizo watu walikuwa wakiniletea wakisema picha zimeungua. Ya tano ni kidole mbele ya lenzi, na hiyo haina fundi.

MWALIMU: Vizuri. Basi kila kamera tuiulize jambo moja kwa kila kosa. Mtu asiyejua akitaka kukosea, kamera inafanya nini? Inamzuia? Inamwambia? Au inanyamaza ikala filamu yangu? Kwa kipimo hicho kamera ya plastiki ni rahisi kuitumia na rahisi vilevile kuharibia. Kamera ya mota inazuia makosa mengi, lakini lile lisilozuiwa inalisema kwa lugha ya kidirisha. Bibi aliiona E na haikumwambia kitu.

SHANGAZI: Ingekataa kupiga, ningejua.

MWALIMU: Ndiyo hoja yangu. Kamera ikikataa, hata asiyejua kusoma anaelewa.

Duru ya nne: Kamera inayosema hapana

FUNDI: Basi mmenirahisishia. Hii hapa ni Olympus Trip 35. Ilianza kuuzwa mwaka 1967, ikaendelea kutengenezwa mpaka 1984, na inasemekana ziliuzwa zaidi ya milioni kumi. Haina betri. Huu mduara wa vioo vyenye vipele unaozunguka lenzi ni seli ya seleniamu: mwanga ukiupiga unazalisha umeme kidogo, na umeme huo unasukuma sindano ya kipimo. Kamera inajichagulia kasi mbili tu za shata, 1/40 au 1/200, na tundu kuanzia f/2.8 hadi f/22. Sasa, mwanangu, chungulia hapa. Naziba lenzi kwa kiganja. Bonyeza.

MPWA: Haiendi. Kimepanda kijibendera chekundu ndani ya kitundu cha kuchungulia.

FUNDI: Hicho ndicho kinasema hapana. Filamu haijasogea, fremu haijapotea. Toa kiganja, bonyeza tena. Umesikia? Imepiga. Na kosa la kwanza, la filamu kutoshika, tazama hiki kishikio cha kurudishia filamu upande wa kushoto. Ukizungusha gurudumu la kusogezea kwa kidole gumba, kishikio hiki lazima nacho kizunguke. Kisipozunguka, filamu haitembei. Hakuna herufi ya kusoma. Mwambie mtoto mara moja tu.

MPWA: Nakubali kwenye giza na kwenye kushika. Lakini Mzee umeficha pete moja. Hapa kwenye lenzi pana picha nne: mtu mmoja, watu wawili, kundi, na mlima. Hizo ni mita moja, moja na nusu, tatu, na mbali kabisa. Mtumiaji lazima akisie umbali kila anapopiga. Akisahau kwenye mlima, akapiga uso wa rafiki yake mita moja mbele, kamera itakataa?

FUNDI: Haitakataa.

MPWA: Basi kwa kipimo cha Mwalimu, hapo inanyamaza.

FUNDI: Inanyamaza, ila hasara yake ni ndogo kuliko unavyodhani. Iache kwenye kundi, mita tatu. Juani, kwa filamu ya ISO 200, tundu hujibana mpaka karibu f/16, na kila kitu kuanzia mita moja na nusu hivi hadi ng'ambo ya barabara kinakuwa na ukali wa kuridhisha. Kivulini tundu likifunguka mpaka f/2.8, nafasi hiyo hupungua sana, inabaki kati ya mita mbili na nusu na tatu na nusu hivi. Hapo akisahau, ataona.

MWALIMU: Kwa hiyo inasamehe juani, na inaadhibu kivulini. Watoto wangu watapiga kivulini. Jua la Mombasa saa nane nani atasimama?

FUNDI: Umenibana, Mwalimu. Haya, ipo ndugu yake mkubwa. Olympus Pen EE, ya mwaka 1961, kutoka familia ya Pen iliyobuniwa na Yoshihisa Maitani. Ina seli ileile ya mwanga, kijibendera kilekile chekundu, haina betri, na lenzi yake imefungwa kwenye fokasi moja. Hakuna pete ya umbali. Usisogee karibu kuliko hatua mbili, basi. Tafuta EE-2 au EE-3, kwa sababu hizo zinapokea filamu hadi ISO 400 na zina mahali pa kuchomeka flashi. Nayo hugawa fremu mara mbili, picha 72.

MPWA: Subiri kidogo. Hiyo haimuulizi mtu swali lolote.

FUNDI: Haimuulizi. Ila inajua kukataa.

MPWA: Basi hoja yangu bado inasimama!

MWALIMU: Nusu yake. Ulisema rahisi ni isiyouliza. Hii haiulizi, lakini ukikosea inakuwekea mguu mlangoni. Hilo la pili halikuwamo kwenye hoja.

Duru ya tano: Usiku, na nyuso zetu

SHANGAZI: Mnashangilia mapema. Mimi nina albamu tatu kabatini. Zifungueni. Arusi, usiku. Maulidi, usiku. Mtoto kaletwa nyumbani kutoka hospitali, taa ya sebuleni. Mambo ya watu hutokea jua likishatua. Hiyo kamera yenu inayokataa, itakataa maisha yetu yote.

FUNDI: Hilo ni kweli. Kwa filamu ya ISO 400, mwanga wa taa ya sebuleni kwa kawaida hautoshi, na bendera itapanda. Unaweza kuitoa pete ya tundu kwenye A, yaani kamera kujiamulia, ukaiweka kwenye namba, itapiga kwa 1/40, lakini picha itatoka hafifu. Ni lazima uchomeke flashi juu yake na ulipange tundu kufuatana na umbali.

MPWA: Na hapo urahisi umekwisha. Kamera yangu ya mota ina flashi ndani. Tena si ya usiku tu. Mchana pwani, mtu amesimama mbele ya bahari, nyuma yake kote kunang'aa. Kipima mwanga hakijui uso. Kinajua wastani. Kinaona mwanga mwingi, kinabana tundu, na uso unatoka mweusi usiosomeka. Kwa ngozi zetu jambo hilo ni zito zaidi, na si jambo geni: kadi ambazo maabara zilitumia kusawazisha rangi, maarufu kama kadi za Shirley, kwa miaka mingi zilibeba sura ya mwanamke mweupe. Kwenye kamera yangu unalazimisha flashi mchana, uso unafunguka.

FUNDI: Umesema vizuri, na mimi nina jibu lisilotaka flashi. Kwenye Trip na kwenye Pen kuna pete ya kuiambia kamera kasi ya filamu. Umetia filamu ya 400, iambie ni 200. Kamera itadhani filamu ni ya kasi ndogo, itaongeza mwanga mara mbili. Negativu ya rangi inabeba ziada hiyo bila shida, na nyuso zinapata nafasi. Ifungie hapo, uiache hapo siku zote. Kamera za mota tangu miaka ya 1980 husoma kasi kwenye vipande vya rangi ya fedha vilivyo kwenye kopo la filamu, na nyingi hazikuachii nafasi ya kubishana nazo.

MPWA: Lakini ukiiambia 200, bendera yako itapanda mapema zaidi jioni.

FUNDI: Itapanda mapema. Kila kitu kina gharama yake.

MPWA: Na mimi nikiri la upande wangu kabla hamjalisema: kwenye mju II, ukifunga kifuniko ukafungua tena, flashi inarudi kwenye hali yake ya kujiamulia. Ulichokichagua imesahau. Inabidi uchague upya kila mara, na mgeni hatakumbuka.

SHANGAZI: Kwa hiyo ya nyumbani kwangu ni ya flashi.

MWALIMU: Ya nyumbani kwako ni ya flashi, Bibi, sina ubishi. Chama changu hukutana mchana.

Duru ya sita: Baada ya kubonyeza

MWALIMU: Kuna jambo ambalo nyote mmelipita mbio. Filamu itasafishwa wapi? Kamera ya kwanza ya Kodak, ya mwaka 1888, iliuzwa dola 25 ikiwa na filamu ya picha 100 ndani. Ukimaliza unaipeleka kamera nzima kiwandani Rochester, wanasafisha, wanachapa, wanatia filamu mpya kwa dola 10, wanakurudishia. Urahisi ule haukuwa ndani ya kamera. Ulikuwa kiwandani. Na kwetu vilevile: miaka ya 1990 kamera yoyote ilikuwa rahisi kwa sababu studio yenye mashine ya kusafisha rangi ilikuwa karibu, na hata wasio na kamera walikuwa na wapiga picha wa Likoni pale kwenye kivuko, wenye mapazia yao ya kuchorwa. Leo mashine nyingi za namna hiyo zimeondoka.

FUNDI: Basi anza na nyeusi na nyeupe, Mwalimu, uisafishe mwenyewe. Unahitaji tangi dogo lisiloingiza mwanga, mfuko mweusi wa kuingizia mikono, dawa ya kusafishia na dawa ya kuimarisha. Filamu ya Ilford HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 isiyochanganywa maji zaidi ni dakika saba na nusu, kwa joto la nyuzi 20.

MWALIMU: Nyuzi 20 Mombasa? Maji ya bomba mchana yanakaribia kuwa ya kuogea.

FUNDI: Barafu. Weka chupa ya dawa ndani ya beseni la maji yenye barafu, tumbukiza kipimajoto, subiri. Ikishuka mpaka 20, anza. Usiitie barafu ndani ya dawa yenyewe, utaipunguza nguvu. Ajabu ni kwamba rangi, ambayo watu wanaiogopa, huku kwetu haihitaji barafu: dawa yake inataka karibu nyuzi 38, na maji yetu yameshafika karibu. Ila vipimo vyake havitaki mzaha. Joto likikosewa kidogo, rangi zinapinda.

MPWA: Na hapa sasa picha 72 zinakuwa mtihani. Mtoto mmoja atachukua muhula mzima kuzimaliza. Atasahau alichokosea picha ya kwanza.

MWALIMU: Mmoja angechukua muhula. Mimi nina watoto kumi na wawili. Kila mmoja picha sita, filamu inaisha Ijumaa moja, tunasafisha Ijumaa inayofuata. Kwangu 72 ni neema, gharama ya kila picha inapungua kwa nusu.

MPWA: Kuna mpya kabisa ya mtindo huo, Pentax 17, iliyotoka Juni 2024. Nusu fremu, lenzi ya milimita 25, flashi ndani, na inauzwa na kampuni yenye dhamana.

MWALIMU: Ilipotoka iliuzwa karibu dola 500. Kwa kiasi hicho nataka nipate kamera, filamu, tangi, dawa, na kibaki cha barafu.

FUNDI: Basi ukienda kununua Pen ya mtumba, au Trip usipoipata Pen, usinunue kwa picha ya tangazo. Ishike mkononi. Ielekeze dirishani, bonyeza: ipige. Ziba lenzi, bonyeza: ikatae, bendera ipande. Ikikataa dirishani pia, seli imekufa. Ikipiga gizani wakati pete iko kwenye A, kitu ndani kimekwama. Fungua mgongo, bonyeza ukitazama kupitia lenzi kuelekea kwenye mwanga wa dirisha, halafu kuelekea kivulini: tundu libadilike ukubwa. Lisipobadilika, mabamba yake yameshikana kwa mafuta ya zamani, na hilo linasafishika. Tazama ndani ya lenzi kwa tochi: ukiona nyuzi za ukungu, mwachie mwenyewe. Ukigusa sponji za mlangoni zikakuachia masizi yanayonata kidoleni, usikimbie. Sponji ni kazi ya nusu saa.

SHANGAZI: Na asipojua hayo yote?

FUNDI: Aje na mimi.

Uamuzi

Hoja kama ilivyoletwa imeanguka, lakini haikuanguka peke yake. Aliyekuja akitetea kamera isiyouliza swali ameondoka na nusu ya haki yake: kamera ya mtu yeyote isimtwishe mgeni uamuzi asioweza kuufanya, na pete ya umbali ya Trip 35 ni uamuzi wa aina hiyo. Aliyekuja na kamera inayokataa naye amepata nusu yake: kunyamaza mbele ya kosa si urahisi, ni kuahirisha machozi mpaka siku ya studio. Hizo nusu mbili zinakutana vizuri zaidi kwenye kamera ndogo isiyo na betri, ya fokasi moja, yenye kijibendera chekundu. Kwa chama cha mchana, penye jua na kivuli cha mwembe, na mikono mingi isiyozoea, Pen EE-2 au EE-3 ndiyo ya kutafutwa. Trip 35 ni ya pili, kwa shule iliyo tayari kufundisha umbali.

Upinzani wa Shangazi haukujibiwa, na haupaswi kufichwa. Kwa familia ambayo furaha zake huanza baada ya Isha, kamera inayokataa giza ni kamera ya kukaa kabatini. Huyo anunue ndogo ya flashi na fokasi ya kujitafutia, asinunue jina, asinunue zoom, na kabla hajaondoka dukani aonyeshwe kila alama ya kidirisha na maana yake, kuanzia E.

Mwalimu ameongeza sharti lake la mwisho, na wengine watatu wamelikubali. Fedha zigawanywe kuanzia mwisho: kwanza dawa na tangi, kisha filamu, halafu kinachobaki ndicho kitafute kamera. Atakapoipata, ataitia filamu, aiweke mezani siku ya kwanza, asitoe maelezo yoyote, na amwite mlinzi wa lango aje apige picha ya kwanza ndani ya stoo yenye giza. Kamera ikimzuia, chama kimepata kamera yake. Ikipiga, irudi kwa Fundi.